Usiniambie "Alikubali Mwenyewe"

Binamu yangu anapanda ndege Agosti. Amepata nafasi chuo kikuu Marekani, harambee imefanywa, pasta ameombea pasipoti, na shosho amempa maagizo mawili tu: usiache kuomba, usioe huko. Lakini kitu anachongoja kwa hamu zaidi si darasa. Ni fraterniti. Ameangalia video zote. Nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe, majamaa wamevaa jaketi zenye herufi za Kigiriki, wengine wanacheza ile densi ya kukanyaga na kupiga makofi mpaka unasikia sakafu ikiitikia. Nikamuuliza, na ile kuteswa kabla hujaingia? Akacheka.

"Buda, si ni umono tu? Tulipitia hapa na tukatoka."

Wiki mbili sasa hayo maneno hayajatoka kichwani. Kwa hivyo leo naandika ya kumjibu, na nyinyi wengine mnaofikiria kama yeye mjihesabu mmo.

Kwanza tuelewane. Fraterniti ni chama cha wanaume chuoni, sororiti ni cha wanawake, na majina yao ni herufi za Kigiriki ingawa Ugiriki yenyewe haihusiki hata kidogo. Cha kwanza kutumia herufi hizo ni Phi Beta Kappa, 1776, mwaka uleule Wamarekani walipojitangazia uhuru. Vya watu weusi vilikuja baadaye. Alpha Phi Alpha ilianzishwa 1906 pale Cornell, na wanafunzi saba ambao hakuna kikundi kingine kingewakaribisha. Martin Luther King alikuwa Alpha. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha tangu akiwa Howard. Kwa hivyo mtu asiniletee hadithi za Illuminati hapa. Hivi ni vyama vya kweli, vina historia ya kuheshimika, na kuna watu vimewashika mkono maisha yao yote: kazi, harusi, matanga.

Shida yangu ni mlango wa kuingilia.

Hebu tumchukue Timothy Piazza. Miaka 19, anasomea uhandisi Penn State. Usiku wa Februari 2, 2017 alikuwa kati ya vijana wapya waliopokelewa kwenye nyumba ya Beta Theta Pi, nyumba ambayo kwa karatasi haikuruhusu pombe. Wapya walipangwa foleni, wakapitishwa kwa vituo vya kunywa, hapa vodka, pale bia, kule mvinyo. Waendesha mashtaka walisema alipewa vinywaji 18 ndani ya dakika 82. Akaanguka kwenye ngazi za kushuka chini ya nyumba. Tunajua yaliyofuata kwa sababu nyumba ilikuwa na kamera. Wakambeba, wakamlaza kwenye kochi. Wakamvalisha mgongoni begi lililojaa vitabu ili asigeuke akalala chali, akasongwa na matapishi.

Soma hiyo tena polepole. Mtu alijua kabisa kwamba huyu kijana anaweza kufa, na alichofanya ni kutafuta begi. Simu alikuwa nayo mfukoni. Gari la wagonjwa liliitwa asubuhi, karibu saa kumi na mbili baada ya kuanguka. Alifariki Februari 4.

Kuna kitu kingine kwenye kisa hicho ambacho kwangu ni kibaya kuliko hata pombe. Usiku huo kulikuwa na kijana mmoja, mwanachama mpya tu, aliyesema huyu apelekwe hospitali. Alisukumwa ukutani. Akaambiwa wenyewe wanajua wanachofanya. Ndani ya nyumba nzima, aliyeona sawa ndiye aliyekuwa amekaa humo kwa muda mfupi.

Sasa, kila mara kijana akifa, mjadala huwa uleule. Watu wanatafuta mahali pa kuchora mstari na wanauchora mbali sana. "Pombe ya kulazimisha, hapana. Kupiga, hapana. Lakini mambo madogo madogo, aah, hayo ni ya kujenga udugu." Mambo madogo ni kama kubeba begi la mkubwa. Kumwendea chakula usiku. Kusafisha nyumba Jumapili asubuhi baada ya pati ambayo wewe hukualikwa. Kukariri majina ya waanzilishi na kupigiwa kelele ukisahau. Binamu yangu naye ni wa mstari huo. Eti hataguswa, eti akiona chupa atatoka, lakini kubeba begi na kupiga pushapu ishirini, hiyo ni nini kwa mtu aliyesoma bweni?

Nitawaambia ni nini, na nitawaambia nikianza na mimi mwenyewe.

Nilisoma shule ya bweni ya wavulana. Jina lake halina maana hapa, na pia kuna watu wataniandama. Nilipoingia kidato cha kwanza nilifanywa mono kama kila mtu. Mkate wangu wa asubuhi ulikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe si mimi. Nilifua soksi za watu wenye ndevu. Nilipima urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti, na nilipofika vijiti mia tatu na kitu, mtu akanipigia kelele sikio, hesabu ikapotea, nikaanza upya. Usiku wa pili nilipewa kiatu, nikaambiwa mpigie mathee simu umwambie umefika salama. Nikashika kiatu, "Halo mum," bweni zima likavunjika mbavu. Nililia chini ya blanketi, nikaapa nikifika juu sitamfanyia mtu hivyo.

Nilipofika kidato cha tatu nilimfanyia mtu hivyohivyo.

Kijana mdogo, mweusi, mkimya, wa wiki ya kwanza. Nikampa kiatu changu. Piga simu nyumbani, ongea na mamako. Akakishika kwa mikono miwili. Na tofauti na wengine, huyu hakufanya mzaha. Aliongea kweli. Akasema amefika, akasema boksi lake halijaibwa, akasema shule ni kubwa. Akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza. Tukacheka mpaka kapteni wa bweni akaja kutunyamazisha. Wiki iliyofuata ndipo niliposikia kutoka kwa mwalimu, bila hata kutafuta, kwamba mama yake alizikwa Desemba.

Sikumgusa. Hakukuwa na pombe wala kipigo. Ukitumia ule mstari wa binamu yangu, mimi sina kosa lolote, ilikuwa jambo dogo. Na mpaka leo nikiona kiatu kimekaa kitandani nakigeuza.

Usifikirie nilikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto wa kawaida kabisa ambaye alishalipa na sasa anataka chenji yake. Ndiyo maana huwa sishangai nikisoma kwamba walioua ni vijana wazuri, wanaimba kwaya, wana alama za juu. Ni kweli walikuwa vijana wazuri. Lakini hivyo "vitu vidogo" vilikuwa vimewafunza kazi. Watu hudhani begi na soksi zinamfunza yule mpya. Piazza hakuwa na muda wa kufunzwa chochote, alikuwa usiku wa kwanza. Waliofunzwa ni wale waliomzunguka. Mwaka mmoja wa kutii upuuzi bila kuuliza, kisha mwaka mwingine wa kuamuru upuuzi bila kuulizwa, na ukimaliza hapo unaweza kumpita mtu anayekufa kwenye kochi ukaenda kulala. Yule aliyetaka hospitali iitwe alikuwa bado hajaiva.

Mnauliza basi mbona watu wakishapitia wanaitetea? Hili lilishapimwa. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwaalika wanafunzi wa kike wajiunge na kikundi cha majadiliano. Wengine waliingia hivihivi, wengine kwa jaribio jepesi, na wengine kwa jaribio la aibu, kusoma maneno machafu kwa sauti mbele ya mwanamume. Kisha wote wakasikilizishwa majadiliano ya kikundi, ambayo yalipangwa makusudi yawe ya kuchosha kabisa. Walioingia kwa aibu kubwa ndio waliosema kikundi ni kizuri. Yaani akili haikubali kwamba umejidhalilisha bure, kwa hivyo inapandisha bei ya ulichonunua. Ukimsikia mtu anasema "monoshipu ilinifanya mwanaume," mwonee huruma. Anatafuta risiti.

Haya, tufike kwenye lile neno linalonichoma zaidi. Alikubali mwenyewe. Hakuna aliyemshika bunduki. Mlango ulikuwa wazi, angetoka.

Max Gruver alikuwa na miaka 18. Septemba 2017, Louisiana State, wiki chache tu tangu afike chuo. Phi Delta Theta waliwaita wapya usiku kwa kitu walichokiita "somo la Biblia." Ilikuwa chemsha bongo. Unaulizwa maswali kuhusu chama, unaambiwa utaje alfabeti ya Kigiriki, ukikosea unakunywa pombe kali ya asilimia 95. Alikosea mara nyingi. Asubuhi alikuwa amekufa, na kiwango cha pombe kwenye damu yake kilikuwa 0.495, zaidi ya mara sita ya kile ambacho sheria yao inamkataza dereva. Kijana alikufa kwa sababu ya alfa, beta, gama.

Je, alikubali? Mwambie mtu wa miaka 18, hana rafiki hata mmoja ndani ya maili mia tano, chuo kina wanafunzi maelfu, hapa ndipo penye watu watakaokuwa ndugu zako, na wote wamesimama wanakuangalia. Hiyo "ndiyo" anayosema ina uzito gani? Sheria zenyewe za Marekani zinajua. Florida, kwa mfano, imeandika wazi kwamba kukubali kwa mwathiriwa si utetezi. Kwa hivyo hata mahakamani hilo neno halisimami, ni sisi tu mtaani tunaliimba.

Na angalieni kitu kimoja kuhusu usiku wa Gruver. Ukiondoa pombe, kilichobaki ni maswali ya historia ya chama. Ni kitu kidogo tena. Kwenye orodha yoyote ya mambo yasiyodhuru, maswali yangekuwa ya kwanza. Ndiyo maana huwezi kuchora mstari kwa kuhesabu vitu, hiki ndiyo na kile hapana. Maswali ni mazuri mpaka jibu baya liwe na adhabu na mjibuji asiwe na pa kwenda.

Mstari wangu mimi nauchora kwa anayefanya na asiyefanya. Kama tunakimbia kilomita tano saa kumi na moja alfajiri, na wewe mkubwa unakimbia nami, jasho lako na langu, hiyo ni sawa, nipeni hata kumi. Kama tunapanda miti, tunasafisha kituo cha watoto, tunakesha tukijifunza zile densi mpaka magoti yaume, sawa. Ugumu haujawahi kuwa tatizo, na yeyote anayeniambia kizazi chetu ni laini ajue sijamjibu kuhusu ulaini. Lakini wewe ukikaa nami nikisimama, wewe ukicheka nami nikichekwa, na ukiniambia nisimwambie mtu, hapo mstari umepitwa, hata kama kilichoagizwa ni kukubebea daftari. Na jaribio la mwisho ni rahisi: nikisema "sitaki," kesho bado ninaingia? Kama jibu ni hapana, usiniambie nilikubali.

Najua mtaniambia ninatia chumvi. Begi halijaua mtu. Kweli. Pia kuna mtu atasema, na huyu ana hoja, kwamba ukipiga marufuku kila kitu kinaenda chini ya maji. Hii ilitokea. Mwaka 1989 mwanafunzi alikufa Atlanta akitafuta kuingia Alpha Phi Alpha, na 1990 vyama vikubwa vya weusi vikafuta kwa pamoja ule msimu wote wa kujaribiwa. Fomu, mahojiano, ada, umeingia. Nini kilifuata? Walioingia kwa njia hiyo wakaanza kuitwa "karatasi," yaani mwanachama wa kwenye fomu tu. Ili usiitwe karatasi ukajipeleka mwenyewe usiku mahali ambapo hakuna mkubwa wa chama wala kamera. Mwaka 1994 kijana mwingine alikufa Missouri kwa kipigo cha Kappa Alpha Psi. Na Februari 2025, Caleb Wilson, miaka 20, mpiga tarumbeta kwenye bendi maarufu ya Southern University, alikufa baada ya kupigwa ngumi kifuani ghalani pamoja na wenzake waliokuwa wakitafuta kuingia Omega Psi Phi. Hivyo ndivyo polisi walivyoeleza. Waliompeleka hospitali walisema aliumia akicheza mpira wa vikapu.

Kwa hiyo marufuku peke yake haitoshi, nakubali. Lakini sikilizeni hilo neno karatasi. Nani analisema? Si chuo. Si polisi. Ni ndugu kumwambia ndugu, mtu wa miaka 20 kumwambia mwenzake wa 19. Hakuna sheria itakayomkamata mtu kwa kudharau mwenzake ambaye hakuteswa. Hiyo sehemu ni yetu. Na hapa kwetu tunayo pia, tusijifanye. Nani hajasikia "wewe hukumonolaiziwa, hujui shule"? Mimi nimeisema. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeisema.

Nataka niseme kidogo kuhusu simu, kwa sababu ndiyo ingeokoa wengi. Machi 2021, Bowling Green, Ohio, Stone Foltz wa miaka 20 alimaliza karibu chupa nzima ya bourbon kwenye usiku wa kupewa "kaka mkubwa" ndani ya Pi Kappa Alpha. Alirudishwa nyumbani kwake akaachwa. Mwenzake wa nyumba ndiye aliyemkuta. Oktoba mwaka huohuo, Missouri, kijana wa mwaka wa kwanza hakufa, lakini hawezi kuona, kutembea wala kuongea. Mara zote watu wanaogopa kupiga simu kwa sababu ya kesi. Florida ilibadilisha hilo 2019: wa kwanza kuita msaada na kubaki na mgonjwa hashtakiwi. Mimi naona hii ni sheria ya mtu aliyewahi kukaa na vijana. Inajua uoga wetu na haitutaki tuwe mashujaa, inataka tu tubonyeze namba tatu.

Adhabu nazo ni hadithi nyingine, na ya kuudhi. Kwa Piazza, ni 2024 ndipo viongozi wawili wa zamani wa ile nyumba walipohukumiwa kati ya miezi miwili na minne jela. Miaka saba. Mtoto aliyezaliwa usiku ule alikuwa ameanza shule.

Binamu, narudi kwako. Sikuambii usijiunge. Wewe ni mtu wa watu, utaumia kukaa peke yako kwenye hilo baridi, na hao ndugu wanaweza kuwa wa kweli. Ninachotaka ni uache kusema "tulitoka." Wewe ulitoka. Mimi nilitoka. Yule niliyempa kiatu sijui kama alitoka, kwa sababu alihamishwa shule muhula wa pili na sikuwahi kumwomba msamaha.

Desemba 2024 Marekani walipitisha sheria mpya ya nchi nzima. Vyuo vinatakiwa kuchapisha wazi majina ya vikundi vilivyopatikana na makosa ya kutesa wapya, na walichofanya. Chuo chako nimekitafuta. Orodha iko, haijafichwa, inachukua dakika mbili. Chama unachokipenda, kile cha jaketi, nimekiona kama kimo au hakimo, lakini sitaki ukisikie kutoka kwangu.

Nimemtumia hiyo linki jana saa nne usiku. Tiki mbili za buluu. Hajajibu.